RFC kati ya mifumo miwili ya SAP: uzoefu wangu

Kazi ilikuwa kuuwezesha mfumo wa ghala uite moduli (vipande vya programu vyenye kazi maalumu) zilizomo kwenye mfumo wa uhasibu, yote miwili ikiwa ya SAP (programu za kuendeshea shughuli za kampuni), ili mzigo ukipokelewa huku, vitabu vya kule vipate habari. Nilitumia RFC (Remote Function Call), yaani mfumo mmoja kuita moduli ya mwingine, na kwa kazi ya namna hii sijaona njia ninayoiamini zaidi.

Kuiweka si kugumu. Unaingia SM59, skrini ya SAP ya kuweka miunganisho, unaunda njia ya aina ya 3, yaani ABAP (lugha ya programu ya SAP) kwa ABAP, kisha unajaza seva, namba ya instansi (seva ya SAP inayoendeshwa), klaienti (sehemu ya data ndani ya mfumo), mtumiaji na nywila. Wengi hukwama kwenye mtandao. Mwito hupitia geti la SAP, na poti yake ni 33 ikifuatwa na namba ya instansi: instansi 00 ni 3300, instansi 10 ni 3310. Waandikie watu wa mtandao namba yenyewe. Ukiomba tu "poti ya SAP" unaweza kufunguliwa 3200, ambayo ni ya wanaoingia kwa SAP GUI, programu ya skrini ya watumiaji, na RFC ikaendelea kugonga ukuta.

Kuna jambo moja ambalo namsihi kila anayeanza alizingatie. SM59 ina majaribio mawili. Jaribio la muunganisho linakuonyesha kwamba seva inafikika, basi. Nywila inaweza kuwa si sahihi na bado likapita. Jaribio la idhini, lililo kwenye menyu ya huduma, ndilo linalojaribu kuingia kwa mtumiaji uliyemweka. Hata hilo likipita, mtumiaji bado anahitaji ruhusa ya S_RFC kwa moduli anazoziita, pamoja na ruhusa za kazi yenyewe, mfano kuandika hati ya uhasibu. Mimi huita kwanza STFC_CONNECTION, moduli ya majaribio, kwa SE37, skrini ya kuendeshea moduli: unaipa maneno, inakurudishia yaleyale. Ikijibu, naenda kwenye moduli ya kweli.

Mtumiaji huyo awe wa aina ya mfumo (System), si ya mtu. Hawezi kuingia kwa SAP GUI, na nywila yake haiishi muda usiku wa manane. Orodhesha moduli zake moja moja. Kumpa SAP_ALL, yaani ruhusa zote, ili kazi iishe haraka ni kuuacha mfumo wa fedha wazi kwa yeyote atakayeipata njia hiyo, na hilo silikubali kabisa.

Kilichonifanya niipende RFC hasa ni aina ya tRFC, yaani RFC ya muamala. Mwito wa kawaida humngoja mpokeaji. Akiwa amezimwa, unarudi na kosa na data inabaki mikononi mwako. Kwa tRFC, mwito huhifadhiwa upande wa mtumaji kwa kitambulisho chake, hutumwa baada ya COMMIT WORK, amri ya kuthibitisha muamala, na mpokeaji huutekeleza mara moja tu. Uliokwama unauona kwenye skrini ya SM58 pamoja na sababu yake, na programu ya RSARFCEX huutuma upya. Kwa mapokezi ya mzigo, ambapo kuingizwa mara mbili ni hasara ya kweli, huo ni ulinzi mkubwa. Lakini tRFC haihakikishi mpangilio. Kama hati ya pili haipaswi kuitangulia ya kwanza, tumia qRFC, RFC ya foleni, na uangalie foleni zake kwenye skrini za SMQ1 (za kutoka) na SMQ2 (za kuingia).

Kwa kuuliza swali dogo, kama salio la bidhaa, mwito wa kawaida unatosha.