Duka la mitumba lililotuvalisha kwa Beggars' Night yetu ya kwanza Beaverdale

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu hakuna chumba cha kujaribia nguo, na mtu mwenye watoto watatu anajua hilo lina uzito gani. Naandika kwa ajili ya familia zetu zilizoko Des Moines, hasa zile zinazotoka kwenye majengo ya kupanga na kuingia mitaa ya nyumba za kujitegemea, kwa sababu huko mwisho wa Oktoba, kwenye Beggars' Night, jioni ya msimu wa Halloween ambapo watoto waliovaa mavazi ya kuigiza hupita nyumba hadi nyumba kuomba pipi, watakugongea mlango, ujiandae au usijiandae.

Sisi tulihamia Beaverdale wakati wa joto. Kule tulikokaa mwanzo, mwisho wa Oktoba ulipita kama usiku mwingine wowote. Majirani tulikutana kwenye ngazi tu. Beaverdale ni mtaa wa nyumba ndogo za matofali, paa zimechongoka, milango inatazamana na njia ya waenda kwa miguu, na watu hukaa barazani. Oktoba ilipoanza, maboga yalijaa kwenye ngazi za kila nyumba. Jirani yetu wa kushoto alinisimamisha nikitoa takataka akaniuliza watoto watavaa nini mwaka huu. Hilo la kwamba watavaa, kwake halikuwa na mjadala.

Nilianzia kwenye duka moja la msimu, yale yanayofunguliwa miezi miwili kisha yanatoweka. Vazi la zimamoto la mtoto wa miaka mitano lilikuwa dola 40, kofia mbali. Kitambaa chake ukikiinua unaziona taa za dukani upande wa pili. Usiku wa mwisho wa Oktoba hapa Iowa unaweza kuwa nyuzi nne au tano za Selsiasi, na upepo juu. Nikalirudisha kwenye henga.

Duka ninalolisifu hapa ni la mitumba, la hisani, linalouza vitu ambavyo watu wamevitoa bure. Mavazi ya Halloween yanaanza kutolewa Septemba, yanatundikwa kwenye reli za nyuma karibu na vyombo vya nyumbani, yamepangwa kwa saizi na siyo kwa aina. Kwangu huo ni mpango mzuri, maana unamwambia mtoto "reli yako hii" na mnamaliza. Bei za watoto zilikuwa kati ya dola 5 na 8, ongeza kodi ya mauzo ya asilimia 7.

Lakini ukitaka kulifaidi duka hili, usiishie kwenye reli za Halloween. Binti yangu mkubwa alitaka kuwa daktari. Kwenye mavazi ya Halloween kulikuwa na koti la daktari la plastiki plastiki, lenye kipima mapigo kilichochorwa kifuani. Kwenye sehemu ya sare za kazi nikapata koti jeupe halisi, la pamba, saizi ndogo ya mtu mzima, dola 4. Nikakunja mikono, nikapandisha pindo kwa sindano, likamkaa. Kitindamimba amekuwa tembo kwa nguo ya kulalia ya kijivu, ya manyoya, ya kipande kimoja kuanzia nyayo hadi kofia. Masikio nimeyakata kwenye sweta lililopasuka kiwiko. Wa kati ndiye peke yake aliyevaa vazi lililotoka reli ya Halloween: koti la zimamoto zito, lenye bitana, ambalo mtoto fulani wa watu alilivaa labda jioni moja tu.

Chukueni saizi moja au mbili juu ya ile ya kawaida. Vazi linapita juu ya jaketi. Niliwaona watoto wengi usiku ule ambao mama zao waliwavisha koti juu ya vazi, na malaika au simba wote wakaonekana sawa, makoti tu yanatembea. Wangu walivaa sweta na jaketi ndani, vazi juu, na hakuna aliyelia baridi.

Sasa kasoro. Nimeshasema hakuna chumba cha kujaribia. Utampimia mtoto katikati ya njia, watu wanapita na matoroli. Mavazi ya Halloween hayarudishwi, hata kama una risiti na lebo haijakatwa. Kagueni zipu kabla ya kulipa: mbili kati ya nilizoshika zilikuwa zimekufa, na moja ilikuwa na lebo ya bei ileile ya nzima. Vifaa vinavyoendana na vazi huwa vimepotea, kwa hiyo kofia ya zimamoto niliipata kwenye kapu la midoseli. Harufu ya stoo ipo, inatoka kwa kufua na kukausha kwa mashine. Nguo nyingi za kuigiza ni poliesta, ambayo ikishika moto huyeyuka na kuganda kwenye ngozi, na maboga ya mabarazani bado kuna watu wanayawashia mishumaa ya kweli. Msiwanunulie magauni yanayoburuza.

Jambo jingine litawahusu wengi wetu. Baba watoto hakutaka mafuvu, mizimu wala damu ya bandia nyumbani kwake, na mimi niko upande wake. Kanisani kwetu wapo wanaoona jioni hii yote haifai, na ninawaheshimu. Tulizungumza nao kabla. Reli za duka zimechanganya kila kitu, mchawi amebanana na nyuki, kwa hiyo ingia kwanza peke yako, uchague vitano sita, ndipo umwite mtoto achague kati ya hivyo. Sisi tulikubaliana watoto watavaa kazi za watu na wanyama, basi.

Huduma ndiyo iliyonifanya niandike. Keshia, mama wa makamo, alipokuwa akikunja koti la zimamoto alimuuliza kijana wangu, "Na kichekesho chako ni kipi?" Tukatazamana. Akasimamisha kazi akatueleza, foleni ikiwa nyuma yetu, kwamba Des Moines mtoto hapewi pipi kwa kunyoosha mfuko tu. Anatoa kichekesho kwanza. Kila mlango. Mwanaume aliyekuwa nyuma yetu naye akaanza kumfundisha cha kwake. Bila mama yule watoto wangu wangefika mlango wa kwanza wakasimama mabubu.

Nimekuja kusoma asili yake. Mwishoni mwa miaka ya 1930 vijana wa mji huu walikuwa wakiharibu mali usiku wa Halloween hadi polisi wakachoka, ndipo Kathryn Krieg, aliyesimamia michezo na burudani za watoto mjini, akaanzisha Beggars' Night: watoto watembee mapema, na kila pipi ilipiwe kwa wimbo, shairi au mchezo. Kwa miaka mingi ilikuwa Oktoba 30, siku moja kabla ya Halloween, saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili usiku. Mwaka 2024 hali mbaya ya hewa iliisogeza hadi 31. Tazameni tangazo la mji kila mwaka, msitegemee mazoea. Na nyumba yenye taa ya barazani iliyozimwa, mpite.

Nyumbani tukajaribu vichekesho vya Kiingereza vya kwenye mtandao, watoto wakavisema kama wanasoma tangazo. Bibi yao, aliyekuwa kwenye simu kutoka Kigoma, ndiye aliyesema: wape vitendawili. Jioni tatu mezani tulitega na kutegua hadi baba yao akaingia. Tukachagua vinavyosimama hata kwa Kiingereza. "Nyumba yangu haina mlango." "Kuku wangu katagia miibani." Tukawafundisha waanze kwa Kiswahili chenyewe, na mwenye nyumba aambiwe ajibu "Tega!"

Mzee wa nyumba ya kona alikuwa barazani, blanketi magotini, bakuli la chokoleti pembeni. Binti yangu akasema, "Kitendawili!" Mzee akajibu "Tega!" kwa sauti kubwa kuliko tulivyomfundisha. Nyumba isiyo na mlango? Akajaribu hema. Akajaribu kaburi. Akashindwa. Binti, koti jeupe hadi magotini, akamwambia basi nipe mji. Ikabidi nieleze kwamba kwetu aliyeshindwa hutoa mji ndipo aambiwe jibu. Mzee akafikiri kweli kweli, akasema, "Nakupa Ankeny." Ankeny ni mji jirani, kaskazini. Binti akaupokea, akamwambia ni yai, na mzee akapiga goti lake kwa kiganja akadai kingine ili aukomboe mji wake. Watoto wa familia nyingine wakasimama kusikiliza. Hadi tunarudi, wangu walikuwa wanamiliki Ankeny, Ames, Pella na Waukee, na mama mmoja aliyekulia Chicago alikuwa ametoa Chicago nzima kwa ajili ya nanasi.

Sikuwahi kuongea na majirani wengi kiasi hicho kwa jioni moja tangu nifike Marekani. Siku iliyofuata mzee wa kona alituma ujumbe kupitia mkewe: ana kitendawili chake, binti aje.

Kuhusu maboga, duka la mitumba haliuzi, lakini mtaulizwa nyumbani. Yale makubwa ya kuchonga yana maji mengi na nyuzi, ukiyapika kwa nazi utasikitika. Nunueni yale madogo ya duara yanayouzwa kwa ajili ya pai. Hayo yana utamu na ugumu wa maboga yetu. Lile la kuchonga lichongwe siku mbili tatu kabla, vinginevyo linaoza barazani.

Wakati wa kwenda dukani ni asubuhi ya siku ya kazi, wiki ya mwisho ya Septemba, na muwaulize wahudumu kama kuna toroli ambalo halijatundikwa; koti la zimamoto lilitoka huko. Ikifika katikati ya Oktoba saizi za miaka minne hadi nane zimeisha na kinachobaki ni vya watu wazima. Novemba vazi la tembo na la zimamoto tuliyapeleka mlango wao wa kupokelea michango, yamefuliwa, zipu nzima. Koti la daktari mwenyewe amekataa kulitoa.