ShellCheck: ujumbe wa hitilafu unaoeleweka

Kila anayeandika skripti za sheli (faili za amri ambazo kompyuta inazitekeleza mstari kwa mstari) amewahi kukutana na "No such file or directory" wakati faili analiona kwa macho yake, liko palepale kwenye folda. Mara nyingine kinachokosekana si faili lenyewe. Skripti iliandikwa kwenye Windows, na kila mstari unaishia na herufi ya ziada isiyoonekana. Mstari wa kwanza unaitaja bash, programu inayoziendesha amri hizo; mfumo unatafuta bash yenye mkia huo, na bash ya namna hiyo haipo. Ujumbe ni wa kweli, lakini haukusaidii kitu.

Skripti hiyohiyo ukiipitisha kwenye ShellCheck, programu inayokagua skripti, unapata onyo namba SC1017: kuna herufi ya ziada mwishoni mwa mstari, ifute kwa tr -d '\r'. Basi. Umeambiwa tatizo liko wapi na ufanye nini.

ShellCheck ni programu huria ya Vidar Holen. Inaisoma skripti bila kuiendesha, kwa hiyo makosa yanaonekana kabla hayajaleta madhara. Chukua amri ya kufuta, rm $faili, ambapo $faili inabeba jina la faili, na jina hilo liwe "ripoti ya mwaka.txt". Sheli inalikata jina kwenye nafasi, rm inalalamika kwamba haioni "ripoti", wala "ya", wala "mwaka.txt". Na kama kuna faili jingine linaloitwa "ripoti" tu, linafutwa kimyakimya! ShellCheck inaweka alama chini ya $faili penyewe, inatoa namba SC2086, kisha inakuandikia mstari uliosahihishwa, jina likiwa ndani ya alama za nukuu.

Ninachokithamini zaidi ni nyaraka zake. Kila namba ina ukurasa wake: mfano wa msimbo wenye tatizo, mfano uliorekebishwa, sababu, halafu sehemu inayoeleza ni lini unaweza kupuuza onyo hilo. Sehemu hii ya mwisho ndiyo inayonifanya niiamini. Anayekueleza na mipaka ya kanuni yake anakuheshimu. Ukiamua kupuuza, unaandika # shellcheck disable=SC2086 juu ya mstari husika, na atakayeisoma skripti baadaye ataona kwamba ulikusudia.

Haijakamilika. Ukisahau kufunga sharti la if kwa neno fi, kosa moja linaweza kuleta ujumbe kadhaa kwa mkupuo, SC1073 na SC1072 zikiwemo, na huo wa pili unakuambia tu urekebishe yaliyotajwa kisha ujaribu tena. Mgeni atachanganyikiwa hapo. Ushauri wangu ni kuanza na ule unaotaja sehemu ya skripti kwa jina, mengine yaache kwanza. Maelezo yote ni ya Kiingereza, na skripti za sheli nyingine, zsh, haizikubali kabisa, ingawa hilo nalo inakuambia waziwazi kwa SC1071.

Kwa sheli za bash, sh, dash na ksh, iunganishe na kihariri chako leo.