Nyota ya karatasi ya Herrnhut: kabla hujalipa, panda kwanza Hutberg

Nimelelewa Tukuyu, wilayani Rungwe, Tanzania, baba yangu ni mzee wa kanisa, na jina la Herrnhut nililijua tangu darasa la kipaimara, hata kabla sijajua Ujerumani iko upande gani wa ramani. Kutoka huko walitumwa wamisionari wa kanisa la Moravian waliofika Rungwe mwaka 1891. Kwa hiyo Novemba iliyopita, nilipopata Jumamosi isiyo na zamu wodini, nilipanda treni Dresden hadi Löbau, nikamalizia kwa basi, kwa kuwa treni haifiki Herrnhut. Shida yangu ilikuwa moja tu: nyota ya Majilio, zile wiki za kungojea Krismasi.

Kwa wasioijua, ni nyota yenye pembe 25 za karatasi, kila pembe imechongoka kama piramidi na iko tupu ndani. Pembe 17 zina kitako cha mraba, 8 zina kitako cha pembetatu. Nafasi ya ishirini na sita huachwa wazi, humo ndimo taa inamoingilia. Ilianzia Niesky, si mbali na hapo, mwanzoni mwa karne ya 19, katika shule ya bweni ya Wamoravian, kwenye somo la jiometri. Wengi wa watoto wale wazazi wao walikuwa ng'ambo kwenye kazi ya misioni. Kila Jumapili ya kwanza ya Majilio walikaa pamoja wakaunda nyota zao. Baadaye Pieter Hendrik Verbeek alianza kuzitengeneza Herrnhut kwa ajili ya kuuza, na mwaka 1925 akasajili hataza (patent) ya nyota inayounganishwa yenyewe, isiyo na kiunzi ndani. Habari ya wale watoto haijanitoka kichwani. Mimi pia Krismasi hunikuta mbali na mama.

Duka liko pamoja na kiwanda, na wageni wanaruhusiwa kuona wafanyakazi wakigundisha pembe kwa mikono, moja baada ya nyingine. Nilisimama pale muda mrefu. Lakini nilikuwa nimeshaamua nisinunue kitu kabla ya kuuona mji, na nawashauri mfanye hivyohivyo, maana baada ya hapo utajua unalipia nini.

Nilipanda mlima Hutberg hadi makaburini. Wenyewe wanapaita Gottesacker, shamba la Mungu, na langoni pameandikwa kwamba Kristo amefufuka katika wafu. Mawe yamelazwa chini, karibu yote sawasawa, ndugu wa kiume upande mmoja na dada upande wa pili, maelfu kwa maelfu, kati ya safu za miti iliyokatwa ikanyooka. Makaburi yaliyoinuka ni machache, ya Count Zinzendorf, kabaila wa hapo, na jamaa zake, katikati. Yeye ndiye aliyewapa wakimbizi kutoka Moravia ardhi ya kujenga mwaka 1722. Alfajiri ya Pasaka waumini hupanda hapa na matarumbeta kulipokea jua. Kwetu nako tunakwenda makaburini alfajiri hiyo, na baba ndiye mpigaji wa tarumbeta. Nilijikuta nalia, na sioni haya kulisema.

Ukumbi wa kanisa ni mweupe wote: kuta nyeupe, mabenchi meupe, meza tu mahali pa madhabahu. Uliungua Mei 1945 wakaujenga upya. Mama mmoja mzee alikuwa akipanga vitabu vya nyimbo. Aliponiuliza natoka wapi nikamjibu Rungwe, aliviweka chini, akanishika mikono yote miwili, akaniita Schwester, yaani dada. Akanieleza kwamba lile neno la siku, yaani mstari wa Biblia ambao baba hutusomea kabla ya chai ya asubuhi, huchaguliwa hapo Herrnhut kwa kura, na limechapishwa kila mwaka tangu 1731. Mji umeingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2024, ila kwangu mikono ya yule mama inatosha.

Basi nikarudi dukani, nikachukua ya karatasi, nyekundu. Taa na waya nilinunua kando, kwa hiyo piga hesabu mapema. Bei si ndogo. Mimi siijutii hata senti moja.

Kesho yake, mimi na binti yangu wa miaka tisa tulikaa sakafuni kwa muda wa karibu saa mbili. Pembe hushikanishwa kwa vibanio vidogo vya chuma ambavyo miguu yake hukunjuliwa kwa ndani. Anza na mkanda wa pembe nane za mraba, ndiyo kiuno cha nyota. Juu na chini yake mraba na pembetatu hupokezana. Tuliweka pembetatu moja pasipo pake, ikabidi tubomoe nusu ya kazi, kwa hiyo usikunjue miguu ya vibanio mpaka uone mkanda umekaa sawa. Wakati mzuri kuliko yote ulikuwa huo, kwani binti aliuliza habari za babu yake kuliko alivyowahi kuuliza.

Nyota ya karatasi ni ya ndani tu. Ya nje ni ile ya plastiki. Mvua ya Tukuyu mnaijua, Desemba barazani karatasi haimalizi usiku mmoja. Umeme wa Tanzania unafanana na wa hapa Ujerumani, volti 230, ila plagi ni tofauti. Baada ya Januari 6 tuliifungua pembe kwa pembe, ikarudi kwenye boksi lake ikisubiri Majilio mengine.

Siku ile ya kwanza nilimwonyesha baba kwa simu ya video. Alizihesabu pembe kwa sauti mpaka akafika upande asiouona, akaniambia, "Igeuze, mwanangu, nimalizie." Desemba hii namletea ya plastiki, itundikwe pale barazani kwake. Adapta nimeshanunua.