Casio fx-991ES PLUS: kitufe cha FACT mbele ya namba 4294967297

Kwa anayependa kuchambua namba kubwa, FACT ndiyo sababu tosha ya kununua kikokotoo hiki. Neno lenyewe limeandikwa juu ya kitufe cha nyuzi na dakika. Kazi yake ni kuvunja namba nzima chanya, isiyozidi tarakimu 10, iwe vigawo tasa. Inafanya vizuri, ila mabano yake yamewapoteza wengi.

Tuipime kwa 4294967297, yaani 2 kwa kipeo cha 32, ongeza 1. Mwanahisabati Fermat aliamini ni namba tasa, mpaka mwanahisabati Euler alipoonyesha mwaka 1732 kwamba 641 inaigawa bila baki. Andika namba, bonyeza =, kisha SHIFT na FACT. Lazima = itangulie, kwa kuwa FACT huchambua jibu. Kioo kitaonyesha:

641 × (6700417)

Hapo ndipo pa kuwa makini. Mabano yana maana kwamba kikokotoo kimeishia hapo, basi. Chenyewe hujaribu vigawo tasa vya tarakimu tatu kushuka chini, mwisho 997. Kinachobaki kikiwa chini ya 1018081 (1009 × 1009) hakina budi kuwa tasa, kwa hiyo huandikwa bila mabano. Kuanzia hapo kwenda juu, kila kitu hufungiwa. Ingiza 1022117, ambayo ni 1009 × 1013, nayo itatoka ndani ya mabano sawasawa na 6700417, ilhali 6700417 ni tasa kabisa!

Utajuaje? Kipeuo cha pili cha 6700417 ni kama 2588.5, kwa hiyo zimebaki namba tasa za kujaribu kati ya 1009 na 2588, nazo ni zaidi ya 200. Kwa bahati njema, mwanahisabati Lucas alithibitisha kwamba kigawo chochote tasa cha 4294967297 huwa na umbo la 128k + 1 (641 ni 128 × 5 + 1). Kwa umbo hilo zinasalia mbili tu: 1153 na 1409. Gawanya, chukua sehemu nzima, kisha toa: 6700417 − 1153 × 5811 = 334. Kwa 1409, 6700417 − 1409 × 4755 = 622. Zote zina baki, kazi imekwisha.

Kwa KKS (kigawo kikubwa cha shirika) na KDS (kigawe kidogo cha shirika) za sekondari, kikokotoo hiki kinatosha na kusaza. Usikidai zaidi ya tarakimu 10, lakini. Ukiingiza 2 kwa kipeo cha 64 ongeza 1, kioo huandika 1.844674407×10 kwa kipeo cha 19. Tarakimu za mwisho zimeshapotea na FACT hujibu Math ERROR. Kwa namba za ukubwa huo fungua kompyuta yenye mfumo wa Linux, kwenye dirisha la amri andika factor 18446744073709551617, nayo itakupa vigawo vyote viwili: 274177 na 67280421310721.