Mashamba ya viungo Unguja na mama asiyeona: "Huyu tunamweka wapi?"

Siku zimepita lakini hasira haijaniisha, kwa hiyo msomaji uniwie radhi. Kama unapanga kwenda Unguja na mzazi asiyeona, na umeona tangazo la ziara ya mashamba ya viungo, gari la pamoja, chakula cha mchana kimo humo humo, soma kwanza yaliyotukuta.

Mama yangu haoni. Presha ya macho ilianza jicho la kushoto, na kwa kuwa haiumi tukachelewa hospitali, ikamaliza na la kulia. Kabla ya hapo alikuwa mpishi wa shughuli kule Tanga: harusi, maulidi, hitima, masufuria ya pilau yanayonyanyuliwa na watu wanne. Mpaka leo ukimsogezea bizari puani atakwambia imekaangwa vizuri au imeungua. Nilipowaambia nyumbani kwamba likizo ya watoto tutakwenda Unguja, yeye aliuliza swali moja tu: na kwenye viungo tutafika? Karafuu amezitia chunguni maisha yake yote, mkarafuu hajawahi kuushika.

Boti kutoka Dar haikuwa na neno. Bahari shwari, saa mbili hivi, na pale ngazini baharia mmoja alimwamkia mama kisha akamuuliza yeye mwenyewe, si mimi: "Mama, nikushike au unishike?" Mama akamshika juu ya kiwiko, wakapanda. Asiyeona havutwi mkono wala hasukumwi mgongo. Unampa kiwiko, unatangulia nusu hatua, unamtajia kidato na jiwe. Mwanangu wa miaka tisa anaijua kazi hii, na anaifanya vizuri kuliko watu wazima wengi.

Asubuhi gari likatupitia hotelini. Tulikuwa watu kumi na mmoja, wengine wageni kutoka nje. Wakati wa kulipia nilikuwa nimewaambia kwenye simu kwamba mama haoni, wakanijibu hakuna shida kabisa, karibuni sana. Nikalipa bei kamili ya mtu mzima kwa kila mtu mzima, na yeye akiwemo.

Tulipofika shambani tukashuka. Muongozaji akamtazama mama, akamtazama dereva, akasema: "Huyu tunamweka wapi?"

Hivyo hivyo. Huyu. Tunamweka. Mama amesimama pale pale, amevaa gauni lake jipya na leso, masikio yake mazima. Hakumpa shikamoo, hakumwita Bi Mkubwa kama ninavyowasikia Wazanzibari wakiwaita watu wazima wao, hakumuuliza chochote. Akanigeukia mimi: "Kule ndani ni kuangalia miti tu, hatapata faida. Na atatuchelewesha. Akae hapa kivulini na dereva, tutamkuta." Huku anasema, akamtoa mama fimbo yake nyeupe mkononi, akaenda kuiegemeza kwenye nguzo ya banda, akamkalisha kwenye benchi.

Mama akasema, "Nendeni tu mwanangu, msiharibu siku yenu."

Na mimi nikaenda. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote na siwezi kuliandika vinginevyo. Kundi lilikuwa limeshaanza kutembea, watoto wananitazama, mume wangu amebaki nyuma analipa maji, nikasema moyoni labda kweli apumzike. Nikaenda.

Mti wa kwanza ulikuwa mdalasini. Muongozaji akakwangua gome kwa kisu, akagawa vipande, akasema kwa furaha kabisa: "Sasa wote fumbeni macho. Nuseni. Nani atakisia ni nini?"

Watu kumi wenye macho wakafumba macho ili wanuse. Na mtu mmoja katika kundi zima ambaye hana haja ya kuyafumba, ambaye pua yake imelisha nusu ya mji wa Tanga, ameachwa kwenye benchi kwa sababu eti hatapata faida. Sikungoja mtu akisie. Nilimshika mwanangu mkono nikarudi nilikotoka.

Nilimwona mama kabla hajatusikia. Ameinama, mkono wake unapapasa hewani pembeni ya benchi, unakwenda chini, unarudi, unatafuta fimbo. Iko hatua nne kutoka alipo. Dereva yuko kwenye gari na simu yake. Ukitaka kujua kumnyang'anya asiyeona fimbo ni nini, ni hicho. Mtu aliyekuja kwa miguu yake, anakaa kama mzigo.

Kabla sijafika, kijana mmoja wa pale shambani, wale wanaosuka kofia na vikapu vya makuti na kupanda minazi kuburudisha wageni, aliiokota fimbo, akaja nayo. "Shikamoo bibi. Fimbo yako hii hapa mkono wa kulia." Akachuchumaa mbele yake. "Umekuja kuangalia viungo, mbona umekaa?" Mama akamwambia wamesema nikae. Kijana akanyamaza kidogo, akasema, "Ngoja."

Akarudi na tunda la kungumanga limepasuka, likamjaa mama kiganjani. Kungumanga mama anaijua ile kavu tu, ya dukani, ngumu, ya kukwaruzia. Hii ilikuwa mbichi, na ndani ya tunda mbegu imevikwa ile nyavu nyekundu. Aliipitisha ncha ya kidole juu ya kila uzi wa ile nyavu, taratibu, akaunusa unyevu wake, akaupachua uzi mmoja akautia mdomoni. Akakaa kimya. Halafu akasema: "Basibasi! Kumbe basibasi ni nguo ya kungumanga! Miaka yote nanunua hii kivyake na hii kivyake, kumbe mtu na nguo yake."

Sijamsikia mama akipaza sauti namna ile tangu macho yaondoke.

Tukaachana na kundi. Kijana akatutembeza sisi wenyewe, mama kashika kiwiko chake, mwanangu mbele anataja mizizi na mashimo. Pilipili manga ni mtambaazi, unapanda kwa kujifunga kwenye mti mwingine. Mama aliufuata kwa mkono kuanzia chini mpaka mkono ukaisha urefu. Iliki ilimshangaza zaidi. Alidhani inaning'inia juu kama kahawa, akaambiwa ainame, akachuchumaa na kuikuta inazaa chini kabisa, kwenye vikonyo vinavyotambaa juu ya udongo. Mzizi wa mdalasini, ukiuvunja, haunuki mdalasini bali kama dawa ya kuchua kifua wakati wa mafua, na hilo mama alilisema kabla kijana hajafungua mdomo. Manjano yakamrangi vidole. "Imeshika?" akamuuliza mjukuu. "Imeshika bibi, mpaka kucha." Chini ya mlangilangi, mti wa maua ya manukato, alisimama muda mrefu tu, tukamwacha. Na mkarafuu aliushika: shina, jani, na kishada cha karafuu mbichi, akazihesabu vichwa kwa kidole gumba.

Muongozaji alipotukuta alisema nini? "Mngeachwa na gari." Basi.

Niliporudi mjini nikawapigia ofisini. Sikutaka pesa zote, nilitaka za mama na nilitaka aombwe radhi. Dada aliyepokea akanijibu: "Lakini chakula si alikula?" Ndiyo, alikula. Pilau lenyewe lilikuwa zuri, mama kalisifu mwenyewe. Lakini mama yangu hakuvuka bahari kula pilau, amepika mapilau ya watu elfu.

Usiku ule sikulala, nikawa natafuta sheria kwenye simu. Bara tuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, Zanzibar wana ya kwao, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Kifungu cha 30 cha mkataba huo kinazungumzia mambo haya haya: utamaduni, mapumziko, burudani, michezo. Kutembea shambani na wajukuu wako kumeandikwa humo kama haki, mtu mwenye kisu cha kukwangulia mdalasini anakuja kukiita kuchelewesha.

Kwa hiyo msiende. Hivyo ndivyo nilivyoandika mara ya kwanza: msiende, nyota moja, na hiyo moja kwa ajili ya pilau. Nimeisoma tena nimeona si haki, kwa sababu sijapata kuona matembezi yanayomfaa asiyeona kama shamba la viungo. Nusu ya siku huhitaji jicho hata kidogo. Nyota tano basi, kwa shamba na kwa yule kijana? Hapana, maana kijana mwenyewe alituambia kampuni haimlipi, anategemea bahashishi za wageni. Sifa yake siwezi kuwapa wao. Inabaki moja.

Nawalinganisha na siku ya pili yake, tulipokwenda kisiwa cha Changuu kwa boti ndogo. Kupanda boti kutoka mchangani kulitutia wasiwasi, mawimbi yanapiga magotini, lakini mabaharia walimuuliza mama atapandaje, akawaambia, wakafanya alivyotaka. Kule kuna wale kobe wakubwa, kizazi cha waliotoka Shelisheli mwaka 1919. Mhudumu alimwongoza mkono mama mpaka shingoni mwa mmoja wao, akamwambia amkune polepole. Kobe akanyoosha shingo, ikazidi kurefuka chini ya kiganja chake, mama anacheka na kuuliza, "Inaishia wapi?" Hakuna aliyesema atachelewesha. Hakuna aliyehitaji mafunzo makubwa, walimuuliza tu mwenyewe.

Ukiwa na mzazi asiyeona, nenda, lakini usiingie kwenye gari la pamoja. Kodi gari lenu, mwambie muongozaji mbele ya mzazi kwamba yeye ndiye mgeni na nyinyi mmemsindikiza, na fimbo isitoke mkononi mwake hata kwa dakika moja. Na wakisema "akae hapa", msifanye nilivyofanya mimi zile dakika kumi za kwanza.

Ile kungumanga mama alirudi nayo Tanga amefunga kwenye pindo la leso. Basibasi imekauka, imegeuka rangi, watoto wanamwambia sasa ni ya njano. Juzi ameniuliza karafuu zinavunwa lini, anataka kusikia zinavyonukia zikiwa zimeanikwa kwenye majamvi. Namba ya kijana ninayo. Amesema wakianza kuanika atanipigia.