Château de Vincennes: uzoefu wangu ndani ya mnara wa Charles V

Mimi ni fundi mwashi. Kazi yangu ni kukarabati nyumba za mawe za Mji Mkongwe, Unguja, kwa hiyo nilipokwenda Paris kwa dada yangu, nilimwomba anipeleke kwanza Vincennes, ngome ya kale ya wafalme wa Ufaransa. Unapanda metro namba 1 kuelekea mashariki hadi kituo cha mwisho. Ukitoka juu, ukuta wa ngome uko mbele yako.

Kuingia uani ni bure. Tiketi ni ya mnara mkuu na kanisa. Tulikuwa tumemlipia mwongozaji kupitia kampuni moja ya mtandaoni na hakutokea, tukaingia wenyewe. Anza na mnara asubuhi, miguu ikiwa na nguvu, kwa sababu ngazi zake ni za mawe, nyembamba, za kuzunguka. Shemeji yangu ana goti linalomsumbua, akabaki chini.

Mnara una urefu wa mita 50 hivi, na kuta zake zina unene wa mita 3. Ulipangwa enzi za mfalme Philippe VI, vita na Waingereza vikakatiza kazi, Jean II akairudia mwaka 1361, na mwanawe Charles V akaimaliza miaka michache baadaye. Huyu Charles alizaliwa hapo hapo Vincennes mwaka 1338. Mwaka 1358, akiwa bado mrithi wa ufalme, watu wa Paris waliasi na kuwaua makamanda wake wawili mbele ya macho yake. Ukilijua hilo, utaelewa kwa nini mfalme alitaka chumba chake cha kulala kiwe ndani ya mnara wenye ukuta wake na handaki lake, ilhali tayari uko ndani ya ngome.

Kilichonishika hasa ni vile vyumba vya katikati. Kila kimoja ni mraba wa karibu mita 10 kila upande, na katikati pana nguzo moja tu, nyembamba, ambayo matao yote ya dari yanaiangukia. Kwetu upana wa chumba huamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Wao walitaka nafasi pana wakaipata kwa jiwe. Tena si jiwe peke yake: ndani ya kuta na matao walilaza vyuma vya kulifunga jengo lisitanuke. Karne ya 14! Nami nilidhani kuficha chuma ndani ya ukuta kulikuja na zege.

Mnara ulifungwa kwa ukarabati mwaka 1995, ukafunguliwa tena 2007. Natamani wenye nyumba wanaotaka kazi iishe kabla ya masika wangeona kilichopatikana kwa subira hiyo.

Vyumba havina fanicha za kifalme, na mimi naona ni afadhali, macho yanabaki kwenye jengo. Mfalme Henry V wa Uingereza alifia katika ngome hii tarehe 31 Agosti 1422. Baadaye mnara ukawa gereza. Diderot, mwandishi na mwanafalsafa wa Kifaransa, alifungwa humo mwaka 1749, na kutani bado unaona alama zilizoachwa na wafungwa. Nilisimama mbele yake muda mrefu. Ukuta uliojengwa kumlinda mtu mmoja ukaja kuwazuia wengine wasitoke, bila kubadilishwa jiwe.

Kanisa lilianzwa na Charles huyo huyo mwaka 1379, likamalizika 1552. Ni refu, lina mwanga mwingi, vioo vyake vya rangi ni vizuri, lakini dakika 20 zilinitosha.

Kabla ya kutoka, zunguka kwa nje. Ukuta mkubwa una urefu wa zaidi ya kilomita moja, na ulikuwa na minara tisa mirefu. Mwanzoni mwa karne ya 19 ilikatwa ikabaki na kimo cha ukuta, isipokuwa ule wa langoni, Tour du Village, wenye mita 42. Utazame huo, kisha utazame vile visiki pembeni. Iliniuma kama mtu aliyebeba mawe maisha yake yote.

Natoa nyota 5. Ukiwa na saa mbili tu, zitumie mnarani.