DJ wa harusi ya mdogo wangu: nyota tatu, au mbili, tutaona

DJ mwenyewe ndiye aliyeniandikia: "Dada, naomba maoni yako kuhusu kazi yetu." Mara ya kwanza nilinyamaza. Juzi karudia tena, safari hii na vile vikatuni vya mikono iliyofumbatana. Haya basi, maoni ndiyo haya. Jina lake silitaji, mama kanikataza.

Ilikuwa harusi ya mdogo wangu, hapa Dar, miezi kadhaa iliyopita, mvua zimeshaanza. Kadi ilisema saa kumi na mbili jioni, maharusi wakaingia saa mbili na nusu. Hilo la kawaida, sina ugomvi nalo. Mimi nilikuwa katibu wa kamati. DJ tulimpata kwa kupeleleza: mwenyekiti na vijana wawili walizamia harusi ya watu Sinza, wakarudi mashati yamelowa jasho, wanasema huyu huyu, msitafute mwingine. Tukamuuliza habari za spika, anazo. Jenereta, analo. Kibali cha BASATA, lile baraza la sanaa, akatutumia mpaka picha yake. Akataka nusu ya hela mkononi, mweka hazina akatoa. Swali moja tu hakuna aliyelikumbuka: ukiletewa wimbo usioujua, unafanyaje?

Sisi ni Wasambaa. Bibi yetu mzaa mama alipanda basi Lushoto alfajiri, likashuka zile kona zote mpaka Mombo, akafika stendi ya Magufuli pale Mbezi alasiri, miguu imevimba. Tangu posa ilipopokewa alikuwa na neno moja: atamchezea mjukuu wake mdumange. Binamu yangu akairekodi ngoma kijijini, kwa simu, akaitia kwenye flashi. Dakika nne. Humo ndani kuna jogoo anawika, nakiri. MC akaiandika kwenye ratiba, baada ya keki, kabla ya zawadi.

Keki ikalishwa. DJ akaachia singeli. Vijana wakavamia, viti vikasukumwa ukutani. Ikaja singeli ya pili, ya tatu. Namkonyeza MC, ananiinulia kidole: subiri. Bibi hakusubiri. Nilimwona ameshajifunga khanga kiunoni, anapenya katikati ya vijana wanaorukaruka, flashi kaishika kwa vidole viwili kama mtu aliyebeba sindano. Akafika kwenye meza ya DJ, akamsemesha. Yule kijana, hedifoni sikio moja, jojo mdomoni, miwani ya jua usiku ule, akamjibu na maiki ikiwa wazi:

"Bibi, hapa si redioni, salamu hatupokei!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Watu kama mia tatu. Wengi walicheka bila kujua anachekwa nani, najua. Mume wangu naye alicheka, hilo tulilimaliza nyumbani.

Bibi akasimama pale kidogo. Akageuka, akarudi mezani kwetu, akafungua khanga, akaikunja, akaikunja tena, akaipakata. Flashi akaiweka juu yake. Akaniambia, "Hana huo wimbo, mjukuu wangu." Masikio yake siku hizi yanachagua la kusikia, na kwa makelele yale aliambulia kwamba kitu hakipo. Mpaka leo sijamsahihisha.

Nikamfuata yule kijana. Kwa haki niseme, mimi hakunipandishia. "Dada, ile ni sauti ya simu, nikiipandisha inapiga yowe. Halafu nikikata hapa, uwanja unapoa." Sasa angalia: la uwanja kupoa ni kweli, ningekuwa mpumbavu kubisha. La sauti, nimemuuliza fundi mitambo wa kanisani kwetu, kasema unapunguza besi, unaipandisha taratibu, watu wanacheza, jogoo na yeye anawika, kwani kuna ubaya gani? Tena hata kama haiwezekani, si ungemwinamia bibi sikioni ukamwambia haiwezekani? Nani alikutuma uichukue maiki?

Kuanzia hapo kila alichofanya kilinichefua. Besi ilikuwa inatikisa soda kwenye chupa. Wazazi wa bwana harusi walipoitwa mbele, wimbo wao ukakatwa katikati, likaingia tangazo la kuuza viatu, nikajua kumbe anapigia kwenye intaneti kwa simu yake. Spika zote zile, jenereta, kibali, halafu viatu! Pale nilikuwa nimeshaandika kichwani nyota moja, na hiyo moja ni ya jenereta.

Shida ni zawadi. Sipendi kulisema hili. Ulipofika wakati wa zawadi alibadilika, au labda mimi ndiye niliyekuwa simtazami vizuri. Akaachia sebene, akawa anaangalia miguu ya watu. Naapa, alikuwa anatazama miguu. Wakija vijana wa ofisini na friji lao, anachapuza. Wakija wazee na mablanketi, anarudi nyuma, anatafuta ya kwao, ya zamani, ya taratibu. Shangazi yangu ambaye nyonga zinamsumbua na siku hizi kanisani anasali ameketi, alizunguka ukumbi mara mbili na sufuria kichwani. Mimi nilikuwa nimenuna, na bado kiatu kilikuwa kinagonga sakafu chenyewe.

Kwa hiyo anajua. Hicho ndicho kinachoniuma. Mtu asiyejua kusoma wazee ungemsamehe. Huyu anawasoma miguu mpaka kidole cha mwisho, na mmoja wao aliposimama mbele yake na flashi mkononi akamfanyia mzaha. Nyota mbili. Nilisema tatu pale juu, nimepunguza.

Ingawa jana shoga yangu kanipigia, mwanawe anaoa, anataka namba ya DJ wa ile harusi ya mdogo wangu, "yule aliyetuchezesha." Nimempa. Nilimuuliza kwanza kama kuna bibi anayekuja kutoka kijijini.